Mjini, Bububu na Kaskazini: Reli, Mabasi Makubwa au Boti za Pwani?

Mazungumzo ya kurejesha reli Unguja si mapya, lakini yamepata moto tangu treni ya umeme ya Dar es Salaam ilipoanza kuchukua abiria hadi Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi uliofuata. Wazanzibari waliovuka kwenda bara na kuipanda wamerudi na swali la haki kabisa: ikiwa kisiwa hiki kilikuwa na gari la moshi la abiria zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwa nini leo mfanyakazi wa Bububu asimame njiani kusubiri daladala ya njia ya 502 ambayo ikifika huwa imeshajaa? Wapo wanaowajibu kwamba fedha za reli zingenunua mabasi makubwa ya kutosha na nyengine zikabaki, na wapo wanaokumbusha kwamba kisiwa kimezungukwa na bahari ambayo haihitaji lami wala fidia ya minazi. Makala haya yanaziweka njia hizo tatu bega kwa bega, ili anayeulizwa maoni yake, awe mjumbe wa kamati ya shehia, mwenye daladala, mwalimu au meneja wa hoteli, ajue anachagua nini na anaacha nini.

Kipimo kinachotumika hapa ni muda anaoutumia abiria wa kawaida tangu anapofunga mlango wa nyumba yake hadi anapofika anakokwenda, pamoja na nauli anayotoa mfukoni. Kasi ya chombo kikiwa njiani ni sehemu moja tu ya muda huo, na mara nyingi si sehemu kubwa.

Reli iliyokuwapo na kilichoishinda

Unguja imewahi kuwa na reli mbili. Ya kwanza ilijengwa 1879 kwa amri ya Sayyid Barghash kutoka kasri lake la mjini hadi Chukwani. Mabehewa yake yalivutwa na nyumbu hadi 1881, alipoagiza injini ndogo ya mvuke kutoka kiwanda cha Bagnall cha Uingereza. Hiyo ilikuwa reli ya mfalme, si ya raia, na alipofariki 1888 vyuma na injini yake vilikwisha kama takataka za chuma.

Ya pili ndiyo inayohusu mjadala huu. Kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheyney & Co. ilianza kuijenga 1904 na abiria wakaanza kuipanda 1905. Ilitoka upande wa Ngome Kongwe, ikapita katika njia nyembamba za mji, kisha ikafuata pwani hadi Bububu, mwendo wa maili saba hivi, juu ya njia moja yenye upana wa futi tatu. Inasimuliwa kwamba ndani ya mji watu walilazimika kujibanza milangoni ili treni ipite. Wenyeji waliitumia sana, na kulikuwa na behewa la daraja la kwanza kwa wageni walioshuka melini na kutaka kuliona shamba kabla meli haijang'oa nanga. Serikali iliinunua 1911, lakini 1922 safari za abiria zikasimamishwa, na kwa miaka michache iliyofuata injini zilibaki zikivuta mawe ya kujazia ufukwe kwa ajili ya bandari. Baada ya hapo reli ziling'olewa.

Kilichoiondoa ni barabara iliyotengenezwa vizuri na mabasi yaliyokuja nayo. Basi la abiria lilimchukua mtu palipoishia kichochoro cha nyumba yake na kumteremsha karibu na soko, ilhali treni ilimtaka yeye aifuate kituoni, tena kwa saa zake. Yeyote anayependekeza reli leo hana budi kueleza ni kitu gani kimebadilika tangu 1922 kitakachoifanya treni ishinde mahali ilipokwisha kushindwa. Jawabu lipo, nalo ni idadi ya watu, lakini si jawabu la kila mahali.

Kuna tofauti moja na bara ambayo hupotea katika mazungumzo. Treni ya abiria ya Dar es Salaam hadi Moshi iliporudi Disemba 2019, na kufika Arusha 2020, baada ya kukosekana kwa zaidi ya miaka ishirini, ilirudi juu ya reli iliyokuwa bado imelala ardhini. Kazi ilikuwa kukarabati madaraja, kubadilisha mataruma na kufyeka nyasi. Hapa kwetu hakuna cha kukarabati, kwani njia ya zamani imemezwa na barabara, maduka na nyumba. Kwa hiyo neno “kurejesha” linatumiwa kwa ukarimu tu, na hesabu inayotakiwa ni ya ujenzi mpya kabisa.

Vipande viwili vya njia moja

Ukimsikia mtu akisema “reli ya Nungwi”, mwulize anazungumzia kipande gani. Kutoka Malindi hadi Bububu ni kiasi cha kilomita 10, na nyumba hazikatiki: Kinazini, Saateni, Maruhubi, Mtoni, Kibweni, Beit el Ras, Kwa Nyanya. Kutoka Bububu kupitia Mahonda hadi Mkokotoni ni kilomita 31 za barabara iliyojengwa upya miaka ya karibuni, na Nungwi iko mbele zaidi, karibu kilomita 60 kutoka mjini. Huko ni minazi, mabonde ya mpunga na vijiji vilivyotawanyika, na gari ya 116, daladala ya Nungwi, huweza kwenda mwendo mrefu bila ya kukuta foleni hata moja.

Sensa ya 2022 inaeleza mengi. Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu 893,169, kutoka 593,678 mwaka 2012, wakati Mkoa wa Kaskazini Unguja mzima ulikuwa na watu 257,290. Yaani watu walioongezeka katika mji na vitongoji vyake ndani ya miaka kumi wanazidi wakaazi wote wa Kaskazini, kuanzia Mahonda hadi Nungwi pamoja na Tumbatu. Kipande cha kwanza kinahitaji chombo cha mji, chenye kubeba wengi na kupita kila mara. Kipande cha pili kinahitaji chombo cha shamba, chenye kufika mbali, kubeba mizigo na kusimama pasipo na kituo. Mtu akitaka chombo kimoja kifanye kazi zote mbili, atapata kisichoifanya vizuri hata moja.

Treni na basi kubwa

Tuchukue hesabu ya mfano kwa kipande cha Mjini hadi Bububu. Tuseme daladala inabeba watu 25 na inapita moja kila dakika. Hao ni watu 1,500 kwa saa kwa upande mmoja. Basi kubwa linalobeba watu 80, likipita kila baada ya dakika mbili katika njia yake maalumu, linachukua watu 2,400. Treni fupi ya mjini yenye kubeba watu 400, ikipita kila baada ya dakika kumi, inachukua 2,400 vile vile, na ikipita kila baada ya dakika tano inachukua 4,800, idadi ambayo basi haliwezi kuifikia bila ya kujaza barabara.

Hapo mtetezi wa reli hutabasamu, lakini hesabu haijaisha. Treni haiwezi kupita kila baada ya dakika tano, wala kumi, juu ya njia moja. Kilomita 10 kwa mwendo wa wastani wa kilomita 30 kwa saa, pamoja na vituo, ni dakika 20 kwenda na 20 kurudi, ukiongeza muda wa kugeuza. Treni ikiwa moja, abiria atasubiri kwa dakika 45 au zaidi. Ukijenga pahala pa kupishania katikati na kuweka treni mbili, utapata safari moja kila baada ya dakika 25 hivi, yaani watu wasiofika elfu moja kwa saa. Kwa maneno mengine, reli ya njia moja kama ile ya 1905, hata ikipewa mabehewa mapya yenye viyoyozi, itabeba watu wachache kuliko daladala tunazozilalamikia. Anayetaka reli ya maana anataka njia mbili, moja ya kwenda na moja ya kurudi, na ukanda wa mita nane hadi kumi usioingiliwa na kitu chengine. Mtetezi wa mabasi naye asitabasamu mapema, kwa sababu mabasi yenye njia zao maalumu yanahitaji ukanda wa upana huo huo. Bila ya njia hizo, basi kubwa ni daladala ndefu iliyokwama kwenye foleni ile ile.

Kwa hiyo katika suala la ardhi wawili hawa wanakaribiana sana. Wanachotofautiana ni jinsi wanavyostahimili makosa. Njia ya mabasi inaweza kufunguliwa kipande kwa kipande: leo kutoka Mtoni hadi Kinazini, mwakani hadi Bububu, na basi likitoka mwisho wa njia maalumu linaingia barabara ya kawaida na kuendelea na safari yake hadi Bumbwini au Mahonda. Reli isiyokamilika haibebi mtu. Basi bovu husogezwa pembeni na jengine likapita. Treni bovu huizuia iliyo nyuma yake. Haya si mambo madogo katika kisiwa ambacho fundi na kipuri vyote vitasubiri meli.

Dar es Salaam inafundisha pande zote mbili. Mwendokasi, yaani mabasi yenye njia zao maalumu, ilianza kazi Mei 2016 kwenye njia ya kilomita 21 hivi kati ya Kimara na Kivukoni, pamoja na matawi yake ya Morocco na Gerezani, na aliyewahi kukaa saa mbili kwenye Barabara ya Morogoro kabla ya hapo anajua ilivyopunguza safari. Lakini mabasi yalipopungua, njia ilibaki tupu huku abiria wakijazana vituoni. Karakana ya Jangwani nayo, iliyowekwa bondeni, ilifurika mara kwa mara. Kwetu sisi, ambao sehemu ya Kinazini, Funguni na Darajani ilikuwa maji kabla ya kufukiwa, na ambao tumeijua Mwanakwerekwe iliyojaa maji ya masika kabla ya barabara ya juu kufikiriwa, somo hilo la pili si la kuambiwa mara mbili. Karakana, iwe ya mabasi au ya treni, iwekwe juu.

Jambo moja linaipa treni sifa ambayo mabasi ya mjini hayana, nalo ni mzigo. Mwanamke anayeshuka na tenga la samaki au mikungu ya ndizi kwenda sokoni hawezi kuingia nalo kwenye basi la kisasa lenye milango ya kioo. Daladala ya shamba humpandishia mzigo juu ya paa bila ya maneno mengi. Behewa moja la mizigo nyuma ya treni ya asubuhi lingeyamaliza hayo. Ajabu ni kwamba michoro mingi ya treni za kisasa inayosambazwa kwenye simu huonesha vijana wenye kompyuta mapajani, na hakuna hata mmoja aliyebeba pakacha.

Kuna pia suala la saa. Ratiba ya treni hainyumbuki, na mji wetu una siku ambazo haja ya safari hubadilika ghafla. Wakati wa Ramadhani, kuanzia saa kumi alasiri, watu karibu wote wanataka kufika nyumbani kabla ya magharibi. Daladala hujipanga zenyewe kwa sababu utingo anaona fedha zilipo. Msimamizi wa treni angehitaji kuwa na mabehewa ya ziada yaliyolala bure mwaka mzima kwa ajili ya mwezi huo, au awaache watu wafuturu kituoni.

Umeme na gharama

Wanaoitaka treni huitaka ya umeme, na wana haki, kwa kuwa hakuna atakayekubali moshi wa dizeli dirishani. Ila umeme wa Unguja unatoka bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa 1980, ukakatika 2008 na kukiacha kisiwa gizani kwa karibu mwezi mzima, kisha tena kutoka Disemba 2009 hadi Machi 2010. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100 uliwekwa 2013 na umeipunguza hofu hiyo, lakini haukuiondoa. Mabasi ya betri nayo yangesimama, ingawa yale ya mafuta yangeendelea. Kwa sababu hiyo, mpango wowote wa treni usiokuwa na chanzo cha umeme cha akiba ndani ya kisiwa ni mpango nusu.

Kuhusu fedha, tahadhari. Mkataba wa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro, chenye njia kuu ya kilomita 205, ulikuwa wa dola za Marekani bilioni 1.2 hivi, na kuna wanaogawanya, wakapata dola milioni sita kwa kilomita, kisha wakazidisha kwa kumi na kutangaza bei ya reli ya Bububu. Hesabu hiyo haifai. Reli ndefu ya porini hugawana gharama za karakana, mitambo ya ishara na mafunzo kwa mamia ya kilomita, wakati reli fupi ya mjini inazibeba zote kwa kilomita kumi, na juu yake inaongeza fidia za nyumba na makutano ya barabara. Kwa kila kilomita, reli fupi ndiyo ghali zaidi. Na kama nauli italazimika kulingana na ya daladala, kwa kuwa ikizidi abiria atabaki na daladala yake, basi serikali ndiyo itakayolipa tofauti kila mwaka. Hilo si kosa, na miji mingi duniani inafanya hivyo, ila lisemwe wazi kabla ya jiwe la msingi.

Pa kuingilia mjini

Hapa ndipo pendekezo la reli linapobanwa zaidi. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia tangu 2000, na jirani wa Ngome Kongwe, jumba la Beit al Ajaib, liliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020. Hakuna mhandisi atakayepitisha treni nzito mahali hapo. Kituo kitaishia Malindi karibu na bandari, au Kinazini, au kitapelekwa Kijangwani. Mombasa wanalijua tatizo hili: treni ya Nairobi iliyoanza 2017 inashusha watu Miritini, nje ya kisiwa, na safari ya kutoka hapo hadi mjini huwa ni safari nyengine yenye nauli nyengine. Mfanyakazi wa Hospitali ya Mnazi Mmoja akishushwa Kinazini atatembea au atapanda bajaji, na muda wote aliouokoa baina ya Bububu na Mtoni utaishia hapo.

Ila tuangalie pia mji wenyewe ulivyohama. Baraza la Wawakilishi liko Chukwani, ofisi nyingi ziko Mazizini na Maisara, uwanja wa ndege uko kusini, na makaazi mapya yanaelekea Fumba. Njia inayoanzia Bububu na kufia Malindi inafuata mji wa 1905. Njia inayotoka Bububu, ikapita ukingoni mwa Mji Mkongwe na kuendelea hadi Uwanja wa Ndege, ikiunganisha njia ya daladala ya 502 na ile ya 505 ya Uwanja wa Ndege, inafuata mji wa leo, na kwa maoni yangu ndiyo peke yake inayostahili kujadiliwa, iwe kwa treni au kwa mabasi. (Bila ya kutaka, ingefika karibu na ilikofika reli ya Barghash.) Faida yake ni kwamba inajaa pande zote mbili asubuhi, wakati ile fupi ingeingia mjini imejaa na kurudi tupu.

Fidia ni mlima mwengine. Ardhi yote ya Zanzibar kisheria ni ya umma, jambo linalowafanya wageni wadhani kupata ukanda ni rahisi. Wenyeji wanajua kwamba juu ya ardhi hiyo kuna haki za matumizi, kuna eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964 na kurithishwa vizazi viwili au vitatu, na kuna miti ambayo mwenyewe huenda si mwenye shamba. Mnazi mmoja unaweza kuwa na warithi sita. Orodha hiyo ya warithi itachukua muda mrefu kuliko kulaza mataruma, na itahitajika kwa ukanda wa mabasi kama itakavyohitajika kwa reli.

Bahari

Upande wa magharibi wa kisiwa bahari ni tulivu kiasi, na mtu wa Tumbatu anavuka kwenda Mkokotoni kila siku bila ya kuiona kuwa ni jambo la ajabu. Boti ya kasi kutoka Malindi hadi Mkokotoni au Nungwi ingekwepa foleni zote, haina fidia wala reli, na inaweza kuanza kwa gati mbili au tatu. Udhaifu wake ni kwamba maji yakitoka Mkokotoni boti haisogei karibu, kwamba kusi likishika nguvu abiria wa kila siku hawezi kuambiwa leo hakuna safari, na kwamba mafuta ya boti kwa kila abiria hayawezi kushindana na ya basi. Pia watu hawajasahau meli ya Spice Islander, iliyozama tarehe 10 Septemba 2011 katika mkondo wa Nungwi ikiwa imepakia kupita kiasi. Kwa watalii na kwa dharura boti inafaa. Kwa mwanafunzi wa skuli na mfanyakazi, siipendekezi.

Kaskazini ya Bububu

Kutoka Chuini kwenda juu, tatizo la abiria si foleni bali ni uchache wa magari baada ya magharibi na mateso ya kukaa watu wanne kwenye benchi la watu watatu. Ratiba ya mabasi ya kati, yanayoondoka yakiwa yamejaa au hayakujaa, yenye safari ya mwisho saa tatu usiku kwa ajili ya wafanyakazi wa hoteli za Nungwi na Kendwa na kwa anayetoka kumuuguza mtu hospitali ya Kivunge, ingemaliza sehemu kubwa ya malalamiko kwa gharama ndogo. Treni ya Nungwi huhesabiwa kwa kutegemea watalii, lakini mtalii anayeshuka kwenye ndege na mabegi mawili anapelekwa na gari hadi mlango wa hoteli, na ni vigumu kumwona akihamia treni, kisha bajaji, ili aokoe dola chache.

Kitu kimoja kinaweza kuibadilisha hesabu hiyo, nacho ni Mangapwani. Bandari kubwa inayopangwa huko ikikamilika na makontena yakaanza kushushwa kilomita zaidi ya ishirini kutoka mjini, barabara ya Bububu itabeba malori ambayo haikujengewa. Reli nyingi duniani huishi kwa mzigo mzito kuliko kwa abiria, na njia iliyojengwa kwa ajili ya makontena inaweza kuwabeba abiria wa Bumbwini na Chuini kwa gharama ndogo ya ziada. Mtetezi wa reli mwenye busara angeacha kuitaja Nungwi na kuitaja Mangapwani.

Wenye daladala

Wenye magari na matingo wao husahauliwa mpaka siku ya mgomo. Njia yoyote kubwa ikianzishwa, hao ndio watakaoilisha kutoka Kihinani, Sharifumsa na vichochoro ambavyo basi kubwa halipiti, au watakaoipiga vita kwa kushusha nauli sambamba nayo. Mabasi yanatoa nafasi ya kuwaingiza kama wanahisa au madereva. Treni inatoa nafasi chache, kwa kuwa kazi zake ni za ufundi na idadi yake ni ndogo.

Uchaguzi

Anayeishi kati ya Mtoni na Bububu, akilazimika kuchagua leo, achague mabasi makubwa yenye njia zao, mradi njia hizo ziendelee hadi Uwanja wa Ndege na zijengwe pamoja na karakana. Wa Mahonda, Mkwajuni au Nungwi adai ratiba na safari za usiku, na asikubali kucheleweshewa hizo kwa ahadi ya treni. Mwenye hoteli anaweza kuichangia boti. Treni ya abiria itastahili pale mambo matatu yatakapokutana: abiria wa ukanda wa Bububu hadi Uwanja wa Ndege wakizidi uwezo wa mabasi hata yakipita kila baada ya dakika mbili, umeme ukiwa na chanzo cha akiba hapa hapa kisiwani, na Mangapwani ikiwa imeleta mzigo. Kwa kasi ya ongezeko la 2012 hadi 2022, la kwanza haliko mbali.

Kwa hiyo kazi ya sasa ni ya Kamisheni ya Ardhi na masheha kabla haijawa ya wahandisi. Ukanda wa njia mbili upimwe na kuwekewa mawe ya mipaka, na asipewe mtu kibali cha kujenga ndani yake. Pa kuanzia ni Chuini kuelekea Mangapwani, ambako bado kuna mashamba na fidia ni ya miti tu, kisha upande wa kusini ya mji. Mabasi yatautumia ukanda huo kwanza. Baina ya Kinazini na Kwa Nyanya nafasi imebaki pembamba, na kila ukuta wa tofali unaoinuka hapo sasa utalazimika kununuliwa baadaye kwa bei ya wakati huo.